Mwenyekiti Alining'arisha Meno, Akatunyima Kisima

"Fungua mdomo, mzee!"

Kabla sijajibu, Abdulmalik, mwenyekiti wetu wa maji, alinibana kidevu akanipanua mdomo mbele ya wageni... kama mbuzi mnadani!

Jamaani! Mimi Athmani, mtu mzima na mvi zangu!

Ngojeni niwape mkasa wenyewe.

Kisiwani kwetu kisima ni kimoja. Mtoto akikulia maji yake, meno yanamwota ya kahawia. Hayatakati kwa mswaki wala kwa mkaa.

Marehemu mke wangu, Safiyya, alikuwa akicheka amejiziba mdomo kwa leso. Maisha yake yote!

Mwaka huu wageni wa shirika la misaada wakaahidi kuja kutuchimbia kisima kipya. Nikafurahi. Mjukuu wangu Fathiya bado ananyonya, nikasema huyu atacheka bila leso.

Wiki tatu kabla hawajafika, mwenyekiti akatuletea daktari wa meno kutoka Kismayo. Bure!

"Mwenyekiti, sisi tuliomba maji."

"Shukuru wewe! Utawachekea wageni na kutu hiyo? Ukitakata, hata mke utapata!"

Watu wakaangua kicheko. Nami, mpweke miaka minne... nikakaa kitini wa kwanza.

Nikapakwa dawa nzito, nikamulikwa taa ya buluu. Nikapewa na vifuniko vya plastiki vya kuvalisha meno nyumbani, na dawa yake, kila siku nusu saa. Fizi ziliwaka moto! Nikinywa maji, jino linanipiga shoti.

Lakini yaling'aa, wallahi. Nilijitazama kiooni nikamlilia Safiyya.

Sasa rudini pale nilipopanuliwa mdomo.

Mwenyekiti anamwaga Kiingereza, wageni wanapiga picha meno yangu. Nikamnong'oneza Nuha, binti yangu aliyesoma Mombasa.

"Anasemaje?"

Nuha macho yamemtoka.

"Baba... anasema umekunywa maji ya kisima hiki tangu kuzaliwa, na meno yako ndiyo haya. Maji ni mazuri. Kisima kipya wakachimbe kule..."

"Kule wapi?"

"Kwenye nyumba yake ya wageni."

Nikapiga kelele!

"Mwongo! Haya yamepakwa dawa!"

Wageni wakamgeukia mwenyekiti awafasirie. Akafasiri, anatabasamu. Wakanipigia makofi!

"Amesema unawashukuru, Baba."

Nuha akajitosa awaambie. Askari wa mwenyekiti akamshika mkono, akamwondoa pale.

Nimekwenda kwa wakubwa mara tatu. Wananitazama mdomoni, wanacheka. "Mzee, na meno hayo unalalamikia maji?"

Kisima kipya kina ukuta na geti. Fathiya ameachishwa ziwa wiki iliyopita. Jana nimemchotea kikombe kile kile alichonyweshewa bibi yake. Maji mengine sina.

Ndugu zangu, mkubwa akikuletea usichomwomba, muulize kwanza anakuchukulia nini.

Mimi siku ile nilifungua mdomo nipakwe dawa. Sikuufungua kuuliza.