Lindo Alilolipokea Devota

Jumapili asubuhi, kesho yake shule inafunguliwa, Devota aliikuta sketi yake ya shule imelowa pindo. Ilikuwa imetundikwa ndani, kwenye msumari juu ya kitanda, kwa hiyo umande usisingiziwe. Ilikuwa na tope jeusi la bondeni, lile linalong'ang'ania mpaka kwenye kucha, na nyumba yao ipo Viwanja Sitini, mjini Ifakara kabisa, ambako tope la namna ile mwezi wa saba hulipati hata kwa dawa.

Akainusa. Ilinuka kambale.

"Bibi, nani kavaa sketi yangu?"

Bibi Emerensiana, aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa uani anapepeta mchele. "Mimi? Na kiuno hiki? Ingenifika wapi?" Akacheka peke yake. Devota akaifua, akaianika, jioni akaipiga pasi, na kila pasi ilipopita harufu ya kambale ikazidi kupanda.

Sasa tusifichane kuhusu huyu binti. Shule alikuwa haitaki. Akili anazo, tena za kutosha na za kugawa. Ila mwezi wa tano, kidato cha tatu kizima kikimtazama, alisimamishwa asome Kiingereza kwa sauti, ulimi ukaganda. Akasimama pale na kitabu chake, machozi yakamtoka, darasa likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo wakamwita Bubu. Watoto wa shule wana roho mbaya, wacha nikwambie. Likizo ilipofika akafurahi kupelekwa shambani kwao, upande wa Mbingu, kuamia ndege wasimalize mpunga, kazi ambayo wenzake wote wanaikimbia. Juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha mlinzi, alipiga kelele kutwa nzima na hakuna aliyemcheka.

Waamia ndege wana utaratibu wao. Mtu akitaka kushuka dunguni akale, anapaza sauti: "Nilindieee!" Jirani akiitikia, "Nalinda!", basi mashamba yote mawili yapo mikononi mwake mpaka mwenyewe arudi na kusema amerudi. Ndege wakila mpunga wa mwenzio, kesi ni yako. Ndiyo maana watu wazima hawaitikii hovyo. Wanatazama kwanza anayeita ni nani.

Devota hakutazama. Ilikuwa saa sita mchana, amekumbuka shule inakaribia, hasira zimemjaa. Sauti ikatoka kushoto: "Nilindieee!" Naye akajibu kwa nguvu zake zote, "Nalinda! Nalinda mpaka kiama, shule sirudi!"

Ndipo akageuka. Kushoto kulikuwa na jaruba ambalo halijalimwa tangu mafuriko yamchukue mwenye nalo. Magugu yalifika kifuani, na dungu lilibaki nguzo tupu. Alingoja mtu atokee mpaka jua linazama. Hakutokea mtu, na nyumbani hakumwambia yeyote.

Jumatatu akaenda shule, sketi ikiwa nzito miguuni. Getini akakutana na rafiki yake wa darasani, Omega.

"We Devota, umekanyaga nini? Unanuka samaki."

Kabla hajajibu, sauti ikaita nyuma ya vyoo vya shule, ndefu, ya kuchoka: "Nilindieee!" Devota akausikia mdomo wake unafunguka wenyewe.

"NALINDA!"

Njiwa wakaruka kutoka kwenye bati. Wanafunzi wakaangua kicheko. "Oyaa, Bubu kapona!"

Omega peke yake hakucheka. Alikuwa ametazama chini. "Umemjibu nani?" akanong'ona.

"Hujasikia?"

"Sijasikia kitu. Lakini Devota, hizi nyayo za nani?"

Pembeni ya nyayo za viatu vya Devota kulikuwa na nyingine, za miguu mitupu, ndefu, zinavuja maji. Zimetoka naye barabarani mpaka pale, na zilipoishia hapakuwa na mtu. Devota akatupa begi, akakimbia nyumbani, na kwa bibi yake akamwaga yote.

Jioni ile Bibi Emerensiana akamwita katekista Nikodemu, mzee mpole mwenye rozari shingoni. Wakafunga mlango, wakawasha mshumaa, wakaanza sala, na walipofika katikati mwali ukainama upande mmoja kama unapulizwa, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na kwenye sakafu ya saruji maji yakaanza kuchuruzika chini ya kiti cha Devota, meusi, yenye makapi ya mpunga, na Devota akafumbua mdomo ikatoka sauti ambayo si ya msichana wala ya mwanamume, sauti ya kitu kilichokaa juani na kwenye mvua miaka mingi mno kikiwa macho.

"Sikumwiba. Kaitikia mwenyewe, kasema mpaka kiama. Mara mbili kaitikia. Ya tatu atakuja kwa miguu yake, apande dunguni, na mimi nipumzike."

Mshumaa ukazimika. Mzee Nikodemu akauwasha tena.

"Nimeomba na nitaendelea kuomba," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini lile neno ulilitoa wewe, mwanangu, kwa sauti, ukiikimbia shule. Lirudishe kwa sauti, ukiwa shuleni."

"Mbele ya watu?" Devota akaanza kulia. "Babu, siwezi. Watanicheka mpaka nife. Afadhali nikakae huko dunguni."

Bibi Emerensiana akasimama. Alikuwa anaogopa, na akiogopa huwa anagomba. "Koma! Kusema hivyo koma kabisa! Mungu kakupa sauti inafukuza ndege bonde zima. Unadhani ya darasani amekuwekea wapi, kwenye kabati? Ni hiyo hiyo! Na hilo jini lisilo na adabu, linaloingia kwa watu bila hodi, halina lake hapa!"

Devota hakulala vizuri. Alisali, akasinzia, akasali tena. Alfajiri aliinuka akavaa sketi yake iliyolowa, akamwamkia bibi yake, akaondoka. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, lakini miguu ilikuwa ya kwake.

Kipindi cha kwanza ni Kiingereza. Mwalimu Herieth akatupa macho darasani, yakatua pale pale. "Devota. Simama, usome."

Akasimama. Darasa likaanza kukohoa kwa dhihaka. Akakitazama kitabu, herufi zikaogelea, na nyuma yake, kwenye dawati la mwisho ambalo halina mtu, akasikia tone, halafu tone, halafu mbao zikilia kwa uzito wa kitu kinachoinuka, harufu ya kambale ikajaa puani, na kile kitu kikaanza kuja katikati ya madawati, taratibu, kikikokota miguu iliyolowa, na hakuna aliyekiona, watu wamemkodolea macho yeye tu wakingoja aaibike, mpaka pumzi ya baridi ikamgusa sikio na sauti ikamwita polepole, karibu kwa upole:

"Nilindieee..."

Mdomo wake ukafunguka. Alilisikia lile jibu linapanda kooni. Akauma ulimi mpaka akaonja damu, akafanya ishara ya msalaba mbele ya darasa zima, akageuka nyuma.

"Silindi!" Alipiga ile sauti ya dunguni, ya kusikika mashamba matatu. "Kwa jina la Yesu, silindi! Lindo lako jilindie mwenyewe! Mimi nasoma!"

Vioo vya madirisha vikatetemeka. Darasa likalipuka. Walicheka, walipiga madawati, kuna mmoja alianguka kabisa kutoka kwenye kiti. Devota akawatazama. Hiki ndicho alichokiogopa tangu mwezi wa tano, na kumbe ni kelele tu, hata ndege wanapiga zaidi. Akangoja, mpaka wakaishiwa.

Akafungua kitabu, akaanza. Neno la kwanza lilikwama, akalirudia. La pili likatoka limepinda, akaliacha lipinde. Aliposhuka katikati ya ukurasa, darasa lilikuwa kimya, na Omega akaona maji meusi yanarudi nyuma kati ya madawati, hatua kwa hatua, mpaka ukutani. Hapo yakasimama. Hayakutoka nje.

"Vizuri sana, Devota," Mwalimu Herieth akasema. "Inatosha. Kaa."

Nyuma kule, alipoacha tu kusoma, mbao zikalia tena. Devota alizisikia.

"Bado, mwalimu," akasema, akageuza ukurasa. "Ndiyo kwanza naanza."