Umeipokea kwa Nani?

Fundi cherehani alikuwa hoi. Tangu asubuhi alishona sare za madrasa, mgongo unamuuma, na chumbani mama yake analalamikia kichwa.

"Mama, dawa ya presha umemeza?"

"Nimeacha, leo siku ya nne. Si wewe uliyenisomea ile hadithi ya kwenye simu? Asali na dua, vidonge basi."

Lo! Fundi alisimamisha cherehani. Ni kweli. Ujumbe uliingia, akausoma huku anashona, akautuma kwenye kundi zima la ukoo. Juu uliandikwa, "Mtume kasema." Nani abishe?

Wakati huohuo mwalimu wa madrasa alifika kuchukua sare. Wakamshika mgonjwa huku na huku mpaka zahanati. Muuguzi alimpima, akaguna, akamrudisha kwenye vidonge.

Njiani kurudi, fundi alipomsimulia yote, mwalimu aliuliza, "Ujumbe ule umeupokea kwa nani?"

"Kwa wifi."

"Na wifi?"

"Kwa rafiki yake."

"Na huyo rafiki?"

"Sasa mwalimu, nitajuaje?"

"Basi hapo mnyororo wa waliopokezana umekatika. Wanazuoni wetu walitaka kujua nani kaisikia hadithi kwa nani, mpaka kwa Mtume mwenyewe. Akikosekana mtu katikati, hawaitegemei. Simu ni mpya, dada, lakini amri ya kuchunguza habari ni ileile. Ya hadithi, muulize mwanazuoni aliyeisomea. Ya presha, muulize daktari."

"Nimechoka mwenzio. Sare ishirini zinaningoja. Nitauliza saa ngapi?"

"Huna muda wa kuuliza, usitume. Kutotuma hakuchoshi mtu. Sasa waambie kwenye kundi kwamba ulikosea."

"Jamani! Ukoo mzima? Uso wangu nitauweka wapi?"

Siku tatu alipiga chenga. Aliona aibu, basi. Siku ya nne presha ya mama ilikuwa imeshuka, na mama ameshaanza kugombana na kuku wa jirani. Fundi akamtazama, akaona haya zaidi. Akaandika: "Ile hadithi ya asali niliituma bila kuihakikisha. Nisameheni. Msiache dawa za hospitali."

Hata simu hajaiweka chini, ikaita. Ni shangazi yake.

"Mwanangu, mimi nami niliacha. Kizunguzungu hicho! Kesho mapema narudi kwa daktari."

"Shangazi! Wewe umefundisha shule miaka thelathini. Uliiamini vipi?"

"Wala sikuisoma yote," alisema shangazi. "Niliona imetoka kwako, ikanitosha."