Wagonjwa Kumi wa Daftarini

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwake ili wateja wamwone. Lakini siku mbili zile hakushona kitu. Alifua mashuka, akaanika, akaanua, akafua tena. Mgongo ulimuuma hata kukaa chini kukawa kazi.

Mama mkwe wake alikuwa anahara tangu jana. Kinyesi kilikuwa maji matupu.

Asubuhi hodi ilipigwa. Alikuwa nesi wa zahanati, daftari kwapani. Viatu vyake vilijaa tope. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Hamjambo humu? Kuna anayehara au kutapika?"

Kabla Mama Pacha hajajibu, mumewe alimuwahi. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na alizoea kusema kwa sauti.

"Sisi wazima kabisa, dada. Jaribu nyumba za mbele."

Nesi aliyatazama mashuka kwenye kamba. Aliandika, akaenda zake.

"Kwa nini umemdanganya?" Mama Pacha aliuliza.

"Ulitaka nisemeje? Watu wakisikia kuna kipindupindu humu, nani atakuletea kitambaa ushone? Na kuandikwa daftarini kunaponya nini?"

Mama Pacha hakuwa na nguvu ya kubishana. Alirudi kwenye beseni.

Kesho yake macho ya mama mkwe yalikuwa yamedidimia. Ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama. Mume aliazima mkokoteni. Walimlaza juu yake, wakausukuma hadi zahanati.

Zahanati ilikuwa imefurika. Vitanda vilikuwa vinane, na kila kimoja kilibeba watu wawili. Wengine walilala sakafuni. Karibu na mlango alilala jirani yao, fundi viatu mzee. Mtaa mzima ulimwita Babu Soli. Binti yake alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi.

"Dripu zimekwisha," nesi alisema. "Nimeomba nyingine, gari liko njiani. Mama anaweza kumeza? Basi mnywesheni dawa hii ya kurudisha maji mwilini. Kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika kumi, muanze tena."

Mama Pacha alimnywesha. Mkono ulipokufa ganzi, mumewe alipokea kijiko. Mama mkwe alitapika, wakangoja, wakaanza upya.

Babu Soli hakuweza kumeza tena. Saa tisa alasiri, binti yake aliacha kupepea.

Gari la dripu lilifika saa kumi na moja.

Mama mkwe alipokwisha kutundikiwa dripu, mume alimgeukia nesi.

"Mzee amekufa akingojea maji ya chupa. Kwa nini hawakuleta dripu za kutosha?"

Nesi alikaa kwenye benchi. Hakukasirika. Alionekana hana hata nafasi ya kukasirika.

"Walileta kwa hesabu, shemeji. Kila jioni napeleka idadi ya wagonjwa kwa mtaalamu wa takwimu wa wilaya. Yeye anajua mwendo wa ugonjwa huu, mmoja huambukiza wangapi na kwa siku ngapi. Anapiga hesabu, anapata makadirio ya wiki ijayo. Kwa makadirio hayo wanajua walete dripu ngapi na wauguzi wangapi."

"Anatabiri kama mganga?"

"Hapana. Muulize mkeo. Mama Pacha, unajuaje kitambaa kitatosha kabla hujakata?"

"Nampima mteja."

"Na akikuficha kiuno chake?"

"Nguo itambana." Mama Pacha aliinamisha kichwa.

Nesi alifungua daftari. "Siku sita zilizopita niliambiwa wagonjwa kumi. Hapa mtaani wanaongezeka mara mbili kila siku tatu. Kumi wanakuwa ishirini, ishirini wanakuwa arobaini. Tukaletewa dripu za watu arobaini. Leo wamekuja karibu mia. Maana yake siku ile hawakuwa kumi. Walikuwa kama ishirini na tano. Watu kumi na tano walikuwa ndani, milango imefungwa, na mimi nikaambiwa wazima."

Mume alimtazama binti wa Babu Soli, aliyekuwa anakunja kanga ya baba yake.

"Sisi tulificha jana tu," Mama Pacha alisema taratibu.

"Kila nyumba ilificha siku yake," nesi alijibu.

Siku mbili baadaye mama mkwe alikuwa anakaa mwenyewe na kuuliza kwa nini uji hauna sukari. Mama Pacha alimwacha na mumewe, akamfuata nesi mitaani. Kila mlango alianza yeye kusema.

"Mimi ni fundi cherehani wa pale kona. Mama mkwe wangu alikuwa na kipindupindu. Nilinyamaza, nusura nimpoteze. Humu kuna nani anaumwa?"

Watu walimtazama, kisha walisema. Nyumba baada ya nyumba. Jioni wagonjwa wapya daftarini walikuwa arobaini na mmoja. Mitaani wakasema ugonjwa umelipuka. Nesi alichoka kuwaeleza kwamba ulikuwepo, ila sasa umeonekana.

Yule mtaalamu alizipanga zile nyumba kwenye ramani. Akaona karibu zote zinachota maji kwenye bomba moja, lile la nyuma ya gereji. Bomba lilifungwa siku iyo hiyo. Mafundi walipochimba, wakakuta limepasuka kando ya shimo la choo. Kila nyumba ikapewa dawa ya kutibu maji.

Kisha alipiga hesabu upya. Alisema walioambukizwa tayari wataendelea kuugua kwa siku kadhaa, na ifikapo Ijumaa vitahitajika vitanda tisini. Alhamisi mahema yalisimamishwa uwanjani, dripu zikashushwa. Ijumaa wagonjwa walikuwa themanini na wanne. Hesabu ilizidi kwa sita, na hakuna aliyelala sakafuni. Wiki iliyofuata idadi ilianza kushuka.

Mama Pacha alirudi kwenye cherehani. Wateja walikuwa wachache, na Babu Soli hakuwepo tena kumsalimia.

Asubuhi moja nesi alipiga hodi, daftari kwapani. Mume alifungua. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, midomo imemkauka.

"Kuna anayehara humu?"

"Mmoja," alisema. "Ni mimi. Nimeanza alfajiri. Niandike."

Nesi aliandika. "Asante, shemeji. Twende, kitanda kipo."