Nilimtoa Mwanangu Akacheze Mpira, Sasa Ananiita Anti

Mkasa huu umenigharimu mtoto mmoja, dada mmoja na jina la kuitwa. Nimehesabu mara mbili, na hakuna chenji iliyorudi.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka arobaini na tisa, Mchaga wa Machame, naishi Houston. Nauza vitenge, viungo na mafuta ya nywele kwenye soko la wikendi. Wanaonijua sokoni watawaambia kuwa hajazaliwa mtu wa kunizidi kupatana bei. Ni kweli kabisa... Mara moja tu ndiyo nilipatana vibaya, na hiyo moja ndiyo ninayolia nayo mpaka leo.

Nina mtoto mmoja, wa kiume, anaitwa Godlisten. Wamarekani jina hilo walidhani tunawatania, wakalifupisha wakamwita G. Sisi tulimwita Godi, nami kwa desturi yetu nikawa Mama Godi. Jina langu la ubatizo likabaki kwenye leseni ya kuendesha gari, huko likilala.

Baba yake alifariki Godi akiwa darasa la pili. Tukabaki wawili. Jumamosi alikuwa ananisaidia kushusha mzigo: yeye anasimama kwenye gari, anavirusha vitenge vilivyofungwa, mimi navidaka mezani. Havikuwahi kugusa chini! Hata wateja wakipita katikati, kitenge kilipita juu ya vichwa vyao kikanifikia mkononi kama kimetumwa.

Sasa huku mpira wao si ule wa miguu. Ni ule wa kuvaa helmeti na kugongana kama mabeberu. Kati yao yuko mmoja anayeitwa quarterback. Huyo ndiye anayepewa mpira kwanza, na kabla hajaangushwa anatakiwa awe ameshaamua amrushie nani. Godi alizaliwa kuwa huyo. Lakini shuleni kwake Houston, kwa kuwa alikuwa na mwili, kocha alimweka kwa wale wa kusukumana tu. Nilimfuata kocha nikapatana naye kama napatana gunia la mchele. Alicheka, akaniambia nafasi ile ina mwenyewe. Nikamuuliza bei ya mwenyewe ni ngapi... hakucheka tena.

Hapo ndipo dada yangu Aikande alipoingia. Ni dada wa tumbo moja, nesi, anaishi na mumewe Mansfield, kule upande wa Fort Worth. Mungu hakuwajalia mtoto. Akanipigia simu: "Mdogo wangu, mlete kwangu. Shule ya hapa jirani wanatafuta kijana wa kurusha. Kwani mtoto ni wa mtu mmoja?"

Nani kwetu hajalelewa kwa mama mkubwa? Mimi mwenyewe nimesomea kwa shangazi. Kwangu haikuwa kumpoteza mtoto, ilikuwa kumhamisha chumba. Tukapatana kwenye simu, mimi na dada yangu, kama watu wanaogawana mbuzi.

"Krismasi ni yangu," nikasema.

"Pasaka yangu."

"Likizo ya kiangazi yote yangu."

"Nusu. Kuna mazoezi. Na Thanksgiving?"

"Hiyo si sikukuu ya Wachaga. Chukua!"

Tulicheka sana. Nilikata simu nikijiona nimeshinda.

Kumbe michezo ya shule huku ina sheria zake. Mtoto akihama nyumbani kwao ili acheze mpira kwingine, anaweza kuwekwa benchi msimu mzima. Dada akasema dawa ni yeye awe mlezi wa kisheria. Tukaenda mahakamani. Jaji aliniuliza kama naelewa ninachosaini. Mimi, ninayehesabu chenji mara mbili mbele ya mteja, nilisaini upesi ili niwahi soko!

Kisha dada akaongeza kakitu kadogo. Mbele ya watu wa shule, Godi amwite yeye Mama, na mimi aniite Anti. "Watu wakianza kuuliza maswali, mtoto anakaa benchi," akasema. "Ni mdomo tu huo, moyo unajua." Nikakubali. Neno moja lingenipunguzia nini?

Godi aling'ara, jamani! Mwaka wa kwanza alikuwa akiba, wa pili akashika timu. Kila Ijumaa nilifunga safari kutoka Houston kumtazama, nikikaa juu kabisa kwenye ngazi za uwanja, mbali na dada. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na binti kwenye bendi ya shule aliniuliza, "Na weye mama, mtoto wako ni yupi?"

Nikamjibu kuwa nimemsindikiza dada yangu tu... Mdomo wangu mwenyewe!

Mwaka wa mwisho kuna mchezo ambao wanaomaliza shule huingia uwanjani na wazazi wao, mmoja mmoja, na mama hupewa ua. Nilishona gauni jipya. Siku mbili kabla, dada akapiga simu kunisihi nisishuke chini, makocha wa vyuo watakuwepo, nisije nikawaharibia. Nikakaa juu na gauni langu. Dada akapita katikati ya uwanja ameshikwa mkono na mwanangu, ua kifuani. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikajipa moyo kuwa ni mambo ya shule tu, yataisha. Na Mungu si Athumani, chuo kikuu kilichomchukua kilikuwa hapa hapa Houston! Nikapaka rangi chumba chake upya. Akaja, akala machalari ya ndizi sahani mbili, akasema, "Asante, Anti."

"Godi, hapa hakuna kocha."

"Sorry. Nimezoea," akajibu, macho kwenye simu.

Akalala bwenini miaka yote ya chuo. Tiketi za ndugu alizopewa kila mchezo zilikwenda Mansfield. Dada na shemeji walikuwa wakiteremka Houston, wanapita karibu na kwangu kwenda uwanjani, na mimi nanunua tiketi yangu dirishani. Nilipolalamika, dada alisema nina wivu, kwamba yeye ndiye aliyeamka kumpikia uji alfajiri za mazoezi, ndiye aliyemfunga barafu begani. Ni kweli, alifanya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siwezi hata kumwita mwizi nikalala usingizi!

Ikafika siku ambazo timu za kulipwa huchagua vijana kutoka vyuoni. Dada alikodi ukumbi Mansfield. Watanzania wakaja kutoka Cedar Hill, Dallas, Fort Worth... wengine sijawahi kuwaona. Nilikwenda na masufuria mawili ya ndizi. Jina la Godi lilitajwa siku ya mwisho, karibu na mwisho kabisa, lakini lilitajwa! Ukumbi ulilipuka. Watu walirukaruka, wazee wakilia. Mimi nililia mpaka kilemba kikanidondoka.

MC akashika kipaza sauti. "Sasa tunamtaka yule mwanamke aliyembeba huyu simba! Mama Godi, simama tukuone!"

Nikasimama.

Na dada yangu, meza ya mbele, akasimama.

MC akatutazama wote wawili, akacheka. "Anti, hebu tulia kwanza, zamu ya akina mama wadogo inakuja!"

Ukumbi mzima ukacheka, bila ubaya wowote, kwa sababu hawakujua. Nikamtazama Godi. Alikuwa anajua! Alinitazama pia... kisha akaangusha macho, akaushika mkono wa dada. Nikakaa, nikajifanya narekebisha kiti.

Baadaye nilimfuata Godi nje, kwenye magari. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akanijibu taratibu, bila hasira.

"Mama, kwenye mpira wetu timu ikishaku-trade kwa timu nyingine, huirudii kuiuliza kwa nini. Unavaa jezi mpya, unacheza. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nililia wiki nzima, ukaniambia nisikuaibishe."

Aliniita Mama. Mara ile moja tu, kwenye sentensi ile!

Nilimwambia sikumuuza, nilimtafutia njia. Akanikumbatia kama mtu anayekumbatia mgeni, akarudi ndani kukata keki.

Timu iliyomchukua ilimweka akiba. Msimu wa pili quarterback wao aliumia, Godi akaingizwa. Nilikuwa sokoni, nimeacha wateja, simu nimeiegemeza kwenye chupa za mafuta. Alirusha vizuri, jamani... halafu mtu mkubwa kama friji akamwangukia begani. Lile bega la kurushia. Hakuinuka.

Nilipiga simu nikapiga tena. Mwishowe dada akapokea simu ya Godi. "Amelala. Nitamwambia Anti alipiga."

Bega halikurudi kama zamani. Timu ikamwacha. Siku hizi anafundisha watoto kurusha, huko huko Mansfield, na kila Krismasi yangu ina sababu ya kuahirishwa.

Wiki iliyopita nimetumiwa kadi kwenye simu. Godi anaoa! Kadi nzuri, ina maua pembeni. Inasema dada yangu na mumewe wanayo furaha kunialika kwenye harusi ya kijana wao mpendwa. Chini wameandika kiwango cha mchango, na aina ya kadi yangu: single. Nimeombwa kuchangia harusi ya mwanangu mwenyewe, kama mgeni, na nisije na mtu!

Wazazi wenzangu mlioko huku, nawasihi. Mtoto akiwa na kipaji, kaeni benchi naye. Mkimpeleka kwa ndugu, mpelekeni kwa jina lenu, shuleni wajue mama ni nani hata kama hatacheza msimu huo. Msimu hurudi. Na msije mkamwambia mtoto anayelia asiwaaibishe. Kwetu kulelewa na mama mkubwa ni baraka, lakini kijijini mama mkubwa anaishi nyuma ya migomba, si nyuma ya sahihi ya jaji.

Kumchukia dada siwezi. Kumdai Godi sijui naanzia wapi. Mhazini wa kamati ya harusi anataka jibu kabla ya Jumapili. Niliandika "Nitakuja," nikafuta. Nikaandika "Mimi ndiye mama yake," nikafuta.

Wenzangu, nisaidieni... niandike nini?