Mzinga Uliobaki

Jioni ile Kassiani alikwenda Ilembo kwa jambo dogo tu, kurudisha picha za marehemu Mama Kalista alizokuwa ameziazima kwa ajili ya tovuti. Alikuta matanga yameshaanuliwa. Turubai limekunjwa, masufuria yameoshwa, na nyuma ya nyumba mizinga yake ya nyuki imelazwa chini, midomo yote imezibwa kwa matope.

Mzee Cletus, kaka wa marehemu, alimsindikiza hadi njia panda. Hakufungua mdomo mpaka walipoipa nyumba kisogo.

"Ya porini tumeishusha yote," alinong'ona. "Umebaki huo wako."

"Upi, mjomba?"

"Huo wa kwenye mtandao. Si una jina lake, na sura yake, na mahali pa watu kubisha hodi? Mzinga wa marehemu hauachwi juu mdomo wazi. Ukauzime leo leo."

"Nitauzima, mjomba."

Alisema kweli. Yaani, wakati anasema, ilikuwa kweli.

Kassiani alikuwa na biashara iliyowachekesha watu wote wa mtaa wake, Majengo. Alikodi nafasi kubwa kwenye seva za kampuni moja ya ng'ambo, akaimega vipande vipande, akawapangishia watu wa Mpanda waliotaka tovuti. "Unauza nini?" walimuuliza. "Nafasi." "Iko wapi tuione?" "Ulaya." Basi watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwaka ulikatika akiwa na wateja watatu: kwaya ya kigangoni, nyumba ya wageni ya Gervas, na asali ya Mama Kalista, ambaye ndiye aliyemwamini kabla ya wote.

Tena huyo hakuwa mteja tu. Kassiani hakuwa na mzazi wala mke, na kazi yenyewe ilikuwa ya kujifungia chumbani na mashine inayovuma. Kuna siku zilipita hajaisikia hata sauti yake mwenyewe. Lakini kila magharibi yule mama aliingia kwenye tovuti yake, akaandika kwenye kile kisanduku cha ujumbe wa wateja, ambao Kassiani ndiye aliyempokelea. Njia nyingine alikataa kujifunza. Na ujumbe ulikuwa ule ule: *Umekula, baba?* Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyejali kama Kassiani amekula.

Aliporudi Majengo aliwasha kompyuta, akaitafuta tovuti ya asali. Mama Kalista alikuwa pale pichani, anacheka, chupa mkononi. Kassiani akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.

Ting!

Ujumbe mpya. Umetoka tovuti ya asali...

*Umekula?*

Labda ni mjukuu anachezea simu ya bibi yake, alijiambia. Mtu mwenye watu wake angezima mashine akatoka mbio. Kassiani alibaki ameketi, macho yamejaa machozi, akaandika: *Bado.*

*Kapike.*

Akaenda akapika. Ugali na dagaa. Alikula chakula chake cha kwanza cha maana tangu mazishi, anatafuna huku analia.

Kesho yake magharibi ujumbe ulikuja tena. Na keshokutwa. Mzee Cletus alipopiga simu kuuliza, Kassiani alijibu, "Tayari, mjomba," bila kupepesa. Alianza kuharakisha shughuli za mchana ili jioni imkute kwenye kiti. Alikuwa na furaha, na aibu kidogo kwa hiyo furaha.

Chumba kikaanza kunuka. Kwanza moshi, ule wa kufukuzia nyuki. Kisha nta. Kisha, chini ya hiyo nta, kitu kilichochacha... Na ukutani kukawa na mvumo. Vvvv... Ni mashine, alijiambia. Mashine huvuma.

Jioni moja umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza.

Mvumo haukunyamaza.

Simu yake ilikuwa na chaji, na ujumbe wa siku ile ukaingia humo, *Umekula?* Ndipo alipokiona kitu alichokuwa anakikwepa siku zote hizo. Akaandika:

*Mbona siku hizi huniiti baba?*

Mvumo ukutani ukakatika, kama mtu anayezuia pumzi ili asikie vizuri.

Kisha...

*Alikuwa anakuita hivyo?*

Simu ilimponyoka. Alipoiokota sakafuni alimpigia Mzee Cletus, na mzee hakusubiri hata shikamoo.

"Hukuuzima."

"Nisamehe, mjomba. Ni nani huyu?"

"Dada yangu sio. Yule tumemuaga vizuri, ameshaondoka." Sauti ya mzee ilishuka, ikawa mnong'ono. "Mzinga mtupu unaingiwa na chochote kinachopita porini bila kuwa na pa kukaa. Nyuki... nyoka... Na kingine nimewahi kukiona. Usiniulize. Wewe ziba huo mdomo. Na kikikusemesha, usijibu."

"Nimekuwa nikijibu kila siku."

Upande wa pili mzee alisikika akitia komeo mlangoni.

"Mjomba?"

"Ziba, Kassi. Ziba sasa hivi."

Umeme uliporudi hakungoja. Alifuta picha, jina, kisanduku cha ujumbe, kila kitu. Alipomaliza, harufu ilikuwa imekwisha. Ukuta ulikuwa ukuta tu. Alijilaza, akasikiliza kile kimya alichokizoea zamani, na ingawa asingethubutu kumwambia mtu, alitamani kile kitu kirudi. Alitamani sana.

Siku iliyofuata hakupika. Jioni, jua likiwa linaishia, simu iliita. Ni Gervas wa nyumba ya wageni, na alikuwa mchangamfu.

"Kassi, mbona hujatuambia una mgeni? Kuna mtu ananiandikia kwenye tovuti yangu tangu asubuhi, anakuulizia wewe. Anasema kapotezana na wewe jana."

"Mgeni gani?"

"Mama yako, bwana. Mimi nilidhani huna! Anataka kujua unakaa nyumba ipi, mlango upi."

Kassiani aliutazama mlango wake.

"Na wewe... ukamwambia?"

"Sasa mzazi wa mtu nitamnyimaje? Nimemwelekeza mpaka mlangoni."

Simu ikakatika. Nje, watoto waliokuwa wakicheza kibarazani walinyamaza wote kwa pamoja. Harufu ya moshi ikapenya chini ya mlango, taratibu. Kisha nta. Hapakuwa na vishindo vya miguu. Kulikuwa na ule mvumo tu, unasogea kwenye ukumbi, ukapita mlango wa jirani, ukafika kwake, ukasimama.

Hapakuwa na hodi.

"Umekula..." ilinong'ona sauti. Ikasita, kama mwanafunzi anayelikumbuka neno jipya. "...baba?"

Kassiani alijua kwamba huyo si Mama Kalista. Alijua vizuri kabisa. Mzee Cletus alimwambia asijibu, na maneno ya mzee yalikuwa bado masikioni mwake. Lakini tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni, na Mpanda nzima hakuna mwingine aliyemuuliza.

"Bado," alisema, akainuka kwenda kutoa komeo.