Mtemi Asiyehesabiwa

Kimya kilichokuwa kwenye mkanda kilikuwa kimerefuka.

Dakta Mahona alikijua vizuri. Miaka kumi na tano nyuma, mzee Malimi, mtunza kumbukumbu za watemi, alimtajia mbele ya kinasasauti wote waliotawala nchi ile. Baada ya jina la saba alinyamaza, akagonga ardhi kwa fimbo, akaendelea. Mahona alidhani mzee anavuta pumzi. Akahesabu watemi kumi na mmoja, akakadiria miaka ya kila utawala, na kitabu kilichotokana na hesabu hiyo kikamjengea jina Chuo Kikuu. Wanafunzi wake walikifuata; wanafunzi wao wakawafuata wao. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ofisi moja ilikitumia kuchagua makaburi ya kitemi ya kuachwa. Kumi na moja yalizungushiwa seng'enge. Kwingine kote trekta lilipita, ikapandwa pamba.

Sasa alikuwa amerudi Bariadi kuandaa toleo la pili, pamoja na mkewe Felisita, aliyepiga taipu kila ukurasa wa lile la kwanza. Walipanga vyumba viwili nyuma ya duka la Bi Maftaha. Kimya ambacho zamani alikipima kuwa sekunde nne, leo kilikuwa kumi na tisa, na ndani yake mtu alikuwa anapumua.

"Betri zimechoka," alimwambia mkewe.

"Betri zikichoka sauti inakuwa nzito tu," alisema Felisita. "Hii inasogea."

Adhuhuri ya siku ya pili nyumba ilinuka ngozi mbichi ya ng'ombe. Bi Maftaha aliuliza nani anachinja uani kwake bila kumwambia, asimwone mtu, akafukiza ubani, akamnong'oneza Mahona kwamba jini la mchana halina haya. Siku ya tatu, saa saba, Felisita, mzaliwa wa kijiji cha mbali cha Kilema ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu ya "mwadila", aliacha taipu katikati ya neno, akalala chini kwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani kama maiti ya mtemi iliyofungwa ndani ya ngozi, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mzee, ikisema Kisukuma cha zamani ambacho hata Mahona alikifahamu kwa shida.

Bi Maftaha ndiye aliyemleta Milembe, mganga wa kike. Huyu hakuuliza habari za ugonjwa. Aliuliza Malimi aligonga fimbo mara ngapi.

"Mara moja," alisema Mahona.

"Ulilelewa misheni wewe, siyo?" Milembe alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akaeleza kwamba mtemi aliyefukuzwa kwa kukosa mvua hatajwi. Msimulizi hugonga ardhi mahali pake, na kila aliyekulia pale huihesabu fimbo. "Mtoto wa kuchunga ndama anaihesabu. Daktari mzima hukuihesabu. Kaburi lake limelimwa, sasa amekuja kukaa kwenye mikono iliyoandika."

Dawa ilikuwa kondoo mweusi. Angemtafuta, angerudi kesho kabla ya saa saba, kwa kuwa mwili wa mwanamke yule usingevuka adhuhuri nyingine. Mgeni akipewa chake ataondoka na hatasema tena. Mlangoni aligeuka.

"Usimwulize kitu, baba. Akiulizwa, anakaa."

Asubuhi Mahona aliketi kando ya kitanda, mtungi wa maji karibu na goti lake, akimlowesha mkewe midomo. Saa nne sauti ilianza, naye alinyamaza kama alivyoagizwa. Alinyamaza ilipotaja njaa, alinyamaza ilipotaja ndugu waliohamia upande wa Mwanhuzi, lakini ilipotaja siku ambayo jua lilizimwa mchana kweupe na kuku wakapanda kulala, alikumbuka kwamba kupatwa kwa jua kunaweza kutafutiwa mwaka wake kamili, kwamba tarehe moja tu ya namna hiyo ingeipa msingi hesabu yote aliyoikisia, na kwamba kondoo akishachinjwa hakuna mtu duniani atakayeisimulia tena, na mkono wake ukaiacha kata ya maji, ukachukua kalamu.

"Ulikuwa mwaka wa ngapi wa utawala wako?" aliuliza.

Alijibiwa. Akauliza tena.

Karibu saa saba Milembe alibisha, kondoo akilia nyuma yake. Mahona aliinuka, akasukuma komeo.

"Subiri kidogo, mayu," alisema kupitia mlango. "Hajamaliza."

Mlango ukapigwa kwa viganja. Bi Maftaha alikuwa akimwita kwa jina. Mahona alirudi kuketi, akafungua ukurasa mpya.

"Mahona." Mara hii ilikuwa sauti ya Felisita mwenyewe, nyembamba, imekauka. "Nipe maji."

Alimtazama. Kisha akauliza kwa upole, "Na jua lilipozimwa, mtemi, ulikuwa wapi?"

Jibu likaja kwa Kisukuma.