Idi ya Fundi Barafu

Karakana ya Fundi Barafu ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara. Mbele alitengeneza friji. Nyuma ya pazia alilala. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya tabia yake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka, akipata wa kucheka naye.

Shida ni kwamba hakuwa akimpata.

Kila siku aliamka alfajiri, akaenda msikitini, akarudi, akachemsha chai. Halafu aliinamia mashine za watu mpaka jioni. Wateja walikuja na haraka zao.

"Imepona?" waliuliza.

"Imepona," alijibu.

Friji waliijulia hali. Yeye hawakumjulia.

Fundi alikuwa amesilimu miaka michache nyuma. Aliingia Uislamu kwa kuupenda, baada ya kusoma na kuuliza sana. Hakulazimishwa na mtu. Mama yake na ndugu zake walibaki kanisani. Siku alipompa mama habari hiyo, mama alilia kidogo, kisha akafuta macho. "Kitinda," alisema, "mradi unamjua Mungu." Alimwita Kitinda kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wake. Jina jipya la mwanawe alijaribu kulitamka, likamshinda. Akabaki na Kitinda.

Mwezi wa Ramadhani ukaisha, Idi ikafika. Fundi alivaa kanzu mpya, akajipaka manukato, akaenda kuswali. Baada ya swala watu walikumbatiana.

"Idi mubarak, ndugu yangu! Karibu nyumbani."

"Asante. Inshallah."

"Usikose bwana, karibu sana!"

Waliomkaribisha walikuwa wengi. Hakuna aliyemwambia karibu saa ngapi. Hakuna aliyemwonyesha nyumba. Kila mtu alishika mikono ya watoto wake akaenda zake. Mlangoni pa msikiti ikabaki jozi moja ya viatu. Ilikuwa yake.

Alirudi karakana, akafungua mlango wote ili mpita njia amwone. Akatandika kitambaa safi juu ya meza ya kazi. Akaweka chupa ya chai, sahani ya biskuti na vikombe. Akaketi kungoja.

Watoto wa mtaani walipita na nguo zao mpya. Waliziona biskuti, wakasimama.

"Njooni," Fundi aliwaita.

Dada yao mkubwa akawavuta. "Twendeni, babu anatungoja. Tutachelewa." Wakaenda.

Chai ikapoa. Fundi akala biskuti moja, kisha nyingine, kwa sababu mikono haikuwa na kazi.

Karibu na adhuhuri mtu alisimama mlangoni. Fundi akainuka upesi, akashika chupa.

"Karibu! Karibu ndani!"

"Idi mubarak, fundi," alisema mgeni huku akihema. Alikuwa Mzee, mume wa Bi Mwalimu wa mtaa wa nyuma. "Utanisamehe kwa leo. Friji yetu imekufa, nyama yote imo ndani, na nyumba imejaa wageni."

Fundi akaiweka chupa chini. Akavua kanzu, akavaa ovaroli.

Nyumba ya Bi Mwalimu ilijaa kweli. Wakwe, wajukuu na mashemeji walikaa mpaka ngazini. Bi Mwalimu aliwafundisha dini wanawake na watoto tangu ujana wake, na kila aliyepita mikononi mwake alikuja kumpa mkono wa Idi. Fundi alipitishwa mlango wa jikoni. Akaivuta friji, akalala chali nyuma yake, akapima na kufungua. Kifaa kidogo cha kuwashia mota kilikuwa kimeungua. Alikuwa nacho kingine mkobani. Muda si mrefu friji ikaanza kuunguruma.

"Mungu akubariki," alisema Bi Mwalimu. "Sasa unakwenda wapi na huo mkoba?"

"Nyumbani. Nisiwaharibie Idi yenu."

"Idi yenu? Kwani wewe si yako? Leo umekula wapi?"

"Kwangu."

"Na nani?"

"Na friji tatu za wateja," Fundi alisema, akacheka.

Bi Mwalimu hakucheka. Alivuta kigoda, akapakua sahani, akamwekea mbele. "Kaa. Ule kwanza."

Fundi akaanza kula. Kutoka sebuleni walisikia vicheko vya watu wanaojuana tangu utotoni.

"Wazazi wako wako hai?" Bi Mwalimu aliuliza.

"Baba alitangulia. Mama yupo. Si wa dini yetu."

"Hajambo?"

Fundi akageuza kijiko mkononi. "Sijui, Bi Mwalimu."

"Hujui? Mama yako mzazi?"

Ndipo alipoeleza. Kila mwaka, siku aliyozaliwa, mama yake alimpigia simu asubuhi. Alimwimbia, kisha akamwombea dua kwa maneno yake ya kanisani. Lakini ndugu mmoja wa msikitini alikuwa amemwonya. Alimwambia kwamba kusherehekea siku ya kuzaliwa ni kuiga watu wengine, na kwamba akikanyaga nyumba ya mama siku ya Krismasi, dini yake imekwisha. Akamwonyesha na video kwenye simu. Fundi akaogopa. Mama alipopiga, alimkatiza. Akamwambia, "Mama, usinipigie tena kwa mambo haya. Dini yangu inakataza."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Haya, baba.' Tangu hapo hajapiga tena. Si siku hiyo tu, siku zote. Na mimi nikaona haya kupiga."

Bi Mwalimu alikaa. Alikuwa mzito wa magoti, na kukaa kwake kulichukua muda.

"Sikiliza, mwanangu. Huyo ndugu yako hakusema uongo mtupu. Alichukua kweli, akaikata nusu. Sikukuu zetu za dini ni Idi mbili. Hatuzidishi nyingine, na ibada za dini nyingine hatuingii. Hilo lishike."

"Nimelishika."

"Mambo ya siku ya kuzaliwa, mwaka mpya, siku ya akina mama na mengine yaliyotufikia kutoka nje, masheikh wamevutana. Wapo wanaokataza kabisa, wakiona ni kuiga. Wapo wanaosema hiyo ni desturi tu. Ikiwa haina ibada ya wengine, haina ulevi wala israfu, hawaikatazi. Mimi mwenyewe sifanyi. Wanangu wote wamekua bila kukatiwa keki, na walinung'unika mpaka wakachoka. Lakini jirani akifanya kwa rai ya sheikh wake, simtoi katika dini."

"Basi mimi nilikosea wapi?"

"Mama yako alikuita ukaabudu?"

"Hapana."

"Alikupa pombe?"

"Mama? Hajawahi hata kuinusa!"

"Alikuwa anakumbuka siku aliyokuzaa. Uchungu ule aliusikia yeye, wewe huukumbuki. Ungemwambia kwa upole, 'Mama, mimi sifanyi sherehe, lakini dua ya heri na sauti yako naitaka.' Kuacha sherehe ni jambo moja. Kumwacha mama ni jambo jingine. La kwanza lina mjadala. La pili halina. Mungu ametuamuru tukae na wazazi kwa wema hata kama dini zetu ni mbalimbali. Wakituita tumshirikishe Mungu, hapo tu ndipo hatuwatii. Na hata hapo hatuwafokei."

Fundi aliweka kijiko chini.

"Na Krismasi ikifika?"

"Ibadani usiende. Ukiogopa kuchanganya mambo, mtembelee kabla ya siku hiyo au baada yake. Lakini mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, asije akakaa anachungulia njia. Mtu huumia zaidi akifungiwa mlango bila kuambiwa neno."

Kisha akaita kwa sauti. "Mzee! Njoo hapa."

Mzee akaja na kikombe mkononi.

"Huyu kijana unaswali naye kila siku. Umewahi kumkaribisha?"

"Kila Idi! Hata leo asubuhi nimemwambia karibu."

"Ulimwambia saa ngapi?"

Mzee akamtazama Fundi katika ovaroli lake la mafuta. "La haula," alisema polepole. "Karibu isiyo na saa ni salamu tu. Na mimi nimekwenda kukuita kwa ajili ya friji." Akamshika mkono, akamwongoza sebuleni vile vile alivyo. "Sogeeni," aliwaambia wakwe zake. "Mwenzetu amechelewa kwa makosa yetu."

Kesho yake Fundi hakufungua karakana. Alimpigia mama simu. Iliita, ikakatika. Akapiga tena, ikawa vile vile. Akapanda basi la kwanza.

Alimkuta mama kibarazani, peke yake, akifumua sweta kuukuu ili aufume upya uzi wake. Alikuwa amekonda. Alimwona, lakini mikono haikuacha kufumua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kukuona."

"Simu niliiona," mama alisema. "Sikupokea. Nilijua nikipokea nitaropoka la kukataliwa." Alivuta uzi. "Siku ile niliketi na simu mkononi mpaka ikazima. Nilijiuliza sana. Wimbo ni haramu, sawa. Dua ni haramu, sawa. Mwisho nikadhani haramu yenyewe ni mimi."

Fundi alipiga magoti kwenye sakafu ya kibaraza. "Nisamehe, mama. Dini haikusema hivyo. Nilisema mimi, kwa kutojua."

"Inuka, utachafua suruali."

"Siinuki."

"Basi kaa hapo hapo," mama alisema, lakini mkono wake ulikwisha kufika kichwani kwa mwanawe.

Walizungumza muda mrefu. Fundi alimweleza wazi kwamba kanisani hataingia, na kwamba yeye hafanyi sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mama alisikiliza.

"Kwa hiyo siku ile nisipige?"

"Piga. Piga siku yoyote. Wimbo uache, lakini nitapokea, na nitafurahi."

"Na Krismasi?"

"Siku yenyewe sitakuja. Nitakuja kesho yake, nikae siku mbili. Lile bati linalovuja nitalipigilia."

"Lina mwaka mzima linavuja," mama alisema. Kisha akauliza, "Hii sikukuu yenu ya jana ulikula na nani?"

Fundi alishindwa kumdanganya. Alimweleza habari za chai iliyopoa, na za Mzee na friji. Mama akashika kiuno.

"Yaani mimi huku peke yangu, na wewe kule peke yako? Sasa kila mmoja alikuwa anamkomoa nani?"

Aliingia jikoni. Fundi alimsikia akisugua kitu kwa nguvu. Akachungulia. Mama alikuwa anasugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

"Niliambiwa hamli katika vyombo vyetu," alisema bila kugeuka.

"Sili nguruwe, mama. Sinywi pombe. Sufuria yako naila hata yenyewe."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kama mashine iliyokaa muda bila kutumika. Akapika wali na mayai, wakala sahani moja.

Mambo hayakubadilika yote kwa mara moja. Karakana ilibaki na chumba kimoja, na jioni nyingi Fundi bado alikula mwenyewe. Lakini simu ilianza kulia. Mama alipiga kuuliza amekula nini, au kumsema jirani, au bila sababu. Msikitini nako Mzee na wenzake walipatana kwamba Idi ikifika, kila msilimu mpya, mjane na mgeni apewe nyumba ya kwenda, na aje mtu kumchukua kwa miguu yake.

Idi ya kuchinja ilipofika, Bi Mwalimu alituma ujumbe. "Njoo na mama yako. Haji kuswali, anakuja kula kwa jirani. Mwambie hivyo asije akaogopa."

Mama alifika na basi la asubuhi, amevaa sweta aliyoifuma upya. Alikaa kwanza ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Hakujua pa kuweka mikono. Wakwe walimsalimu, wakarudi kwenye mazungumzo yao, naye akabaki anatabasamu na ukuta. Bi Mwalimu alimwona. Akamwita jikoni, akampa kisu na beseni la vitunguu.

Fundi alikuwa amebeba vyombo kutoka sebuleni. Alipofika kwenye korido alisikia sauti ya mama, akasimama.

"Huyu? Huyu alinitesa," mama alikuwa anasema. "Kulikuwa na mvua kubwa, mkunga amekwama ng'ambo ya mto. Alipotoka hakulia. Nikamtikisa, kimya. Nikamwambia Mungu, ukimchukua huyu, nichukue na mimi."

"Kisha?" aliuliza Bi Mwalimu.

"Kisha akapiga chafya."

Wanawake wale wawili walicheka mpaka kisu kikaanguka sakafuni. Fundi hakuwa amewahi kusikia habari ile. Alisimama kwenye korido, sahani zimemjaa mikononi, asitake kuingia mapema, mama asije akakatisha hadithi.

"Endelea," alisema Bi Mwalimu. "Halafu ikawaje?"